Uponyaji Usiokoma

Mvuvi wa Ukerewe anayetapika damu kwa sababu ini lake limejaa makovu, mchimbaji wa Mererani ambaye mapafu yake yamekakamaa kwa vumbi, na msichana aliyetoga masikio akaota uvimbe mgumu unaokua kupita tundu lenyewe: ukiwatazama kwa nje, hawa wana maradhi matatu yasiyohusiana. Kila mmoja hupelekwa kwa daktari wake na hupewa dawa zake. Lakini ndani ya tishu zao linatokea jambo moja. Seli zenye kazi ya kuunda tishu unganishi zimepokea amri ya kujenga, zimejenga, na amri haijafutwa.

Amri hiyo hubebwa na protini ndogo ziitwazo vichocheo vya ukuaji, na matokeo ya kuendelea kwake bila kikomo ni faibrosisi, yaani makovu yanayojaa ndani ya kiungo hadi kiungo kinashindwa kufanya kazi yake. Kwa miaka arobaini watafiti wamejitahidi kupata dawa ya kuzima amri hiyo. Wamepata mafanikio machache na wameshindwa mara nyingi. Sababu iko wazi ukifuatilia jinsi vichocheo hivi vinavyofanya kazi: vyenyewe si adui. Kinachovifanya vigeuke kuwa maradhi ni jeraha lisilokwisha. Ndiyo maana silaha kubwa dhidi ya faibrosisi bado ni kuliondoa jeraha mapema, na kwetu Afrika Mashariki nyingi ya silaha hizo zimekwishapatikana.

Amri ya kujenga na amri ya kuacha

Tishu unganishi ndiyo inayoushikamanisha mwili. Kano, gegedu, mifupa, tabaka la ndani la ngozi na utando unaofunika misuli na ini, vyote ni vya ukoo huo. Nguvu yake hutokana zaidi na nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo hutengenezwa na seli ziitwazo faibroblasti. Kwa mtu mwenye afya, faibroblasti nyingi hukaa kwa utulivu, zikitoa nyuzi za kutosha tu kuchukua nafasi ya zilizochakaa. Kinachoziamsha ni jeraha.

Mtu anapara samaki, kisu kinateleza na kumkata kidole. Ndani ya dakika chache chembe sahani za damu hujikusanya kwenye mshipa uliokatika na kuunda bonge. Zinapojikusanya humwaga yaliyomo kwenye vifuko vyake, na humo mna vichocheo viwili vyenye uzito mkubwa. Cha kwanza ni PDGF, kilichopewa jina hilo kwa kuwa hutoka kwenye chembe sahani. Huziita faibroblasti za jirani zisogee kwenye jeraha na zizaliane. Cha pili ni TGF-beta, ambacho huziamuru zitengeneze kolajeni na wakati huohuo hupunguza vimeng'enya vinavyoivunja.

Saa chache baadaye chembe nyeupe za damu huingia kupambana na bakteria. Siku ya pili au ya tatu hufika makrofaji, seli kubwa zinazomeza uchafu na mabaki ya seli zilizokufa. Nazo humwaga PDGF na TGF-beta zaidi, pamoja na VEGF, kichocheo kinachochipusha mishipa mipya ya damu. Kufikia siku ya tano hivi, pengo limejaa nyama nyekundu, laini, inayotoka damu ikiguswa. Ndani ya nyama hiyo baadhi ya faibroblasti zimebadilika zikawa maiofaibroblasti: seli zenye nyuzi za kujikaza zinazofanana na za misuli, ambazo huvuta kingo za kidonda zikaribiane. Giulio Gabbiani na wenzake walizieleza seli hizo mwaka 1971, na tangu hapo zimetambuliwa kuwa mhusika mkuu katika kila ugonjwa wa makovu.

Kisha kazi hufungwa. Bakteria wamekwisha, ngozi imefunika juu, makrofaji hupungua, vichocheo hupungua. Maiofaibroblasti hufa kwa utaratibu maalumu wa seli kujiua, na vimeng'enya hukata kolajeni iliyozidi. Kovu hufifia na kulainika. Halirudishi ngozi ya awali, kwani hata likikomaa hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi isiyojeruhiwa, lakini kidole kinafanya kazi.

Hatua hii ya kufunga kazi ndiyo inayotenganisha uponyaji na ugonjwa. Kila kiungo chenye faibrosisi kimepitia hatua zote za mwanzo kwa usahihi kabisa. Kilichokosekana ni mwisho.

Vichocheo viligunduliwaje

Kwamba seli hukua kwa kuamriwa na protini za nje ni wazo lililoanza kupata ushahidi katika miaka ya 1950, kupitia kazi ya Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen kuhusu ukuaji wa neva na ngozi. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba seli za misuli laini ya mishipa zilizaliana vizuri katika majimaji ya damu iliyoganda, lakini si katika majimaji ya damu iliyoondolewa chembe sahani kabla ya kuganda. Tofauti ilitokana na kitu kilichomo ndani ya chembe hizo, nacho kikaja kujulikana kuwa PDGF.

TGF-beta ilisafishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maabara ya Anita Roberts na Michael Sporn, kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Mwaka 1986 walichapisha jaribio ambalo hadi leo ndilo linaloeleza mada hii kwa ufupi kuliko yote. Waliidunga TGF-beta chini ya ngozi ya panya wachanga wasio na jeraha lolote. Ndani ya siku mbili hadi tatu, mahali pa sindano paliota mishipa mipya ya damu na kolajeni nyingi. Amri peke yake ilitosha kuzaa kovu, bila kidonda.

Mtu angeweza kuhitimisha kwamba, basi, TGF-beta izimwe. Mwaka 1992 jibu likaja. Panya waliozalishwa bila aina ya kwanza ya TGF-beta walionekana wazima kwa wiki mbili hivi, kisha wakadhoofika na kufa wiki chache tu tangu kuzaliwa, viungo vyao vikiwa vimevamiwa na seli za kinga za miili yao wenyewe. Protini ileile inayoamuru kovu ndiyo inayoituliza kinga ya mwili isishambulie mwili. Pia huzuia baadhi ya seli zisizaliane ovyo na kugeuka saratani. Hapo ndipo penye ugumu wa tiba yote: huwezi kuing'oa bila kung'oa pamoja nayo utulivu wa kinga na ulinzi dhidi ya saratani.

Mwili wenyewe umetatua tatizo hilo kwa kuifunga. TGF-beta hutolewa ikiwa imefungwa ndani ya ganda la protini nyingine, kisha hulazwa kati ya nyuzi za tishu ikisubiri. Hufunguliwa pale tu seli zinapolivuta ganda hilo kwa mikono yao midogo iitwayo integrini. Mvuto huo hufaulu zaidi tishu ikiwa ngumu, kwa sababu nyuzi laini hufuata mvuto na ganda halifunguki. Hivyo kovu linapoanza kukakamaa, TGF-beta zaidi hufunguliwa. Inayofunguliwa huamsha maiofaibroblasti zaidi. Nazo huikakamaza tishu zaidi. Ukifika hatua fulani, mzunguko huo hujiendesha hata kama jeraha la awali limepungua. Ndiyo sababu muda una thamani kubwa katika magonjwa haya kuliko katika mengi mengine.

Yai ndani ya ini

Hakuna mahali ambapo mzunguko huo unaonekana wazi, na unatuhusu, kama katika kichocho cha tumbo kwenye mwambao wa Ziwa Victoria na Ziwa Albert. Minyoo wa *Schistosoma mansoni*, dume na jike, huishi kwa miaka katika mishipa ya damu ya utumbo. Jike hutaga mamia ya mayai kwa siku. Mengine hupenya utumbo na kutoka na choo, nayo yakifika ziwani huendeleza ukoo kupitia konokono. Sehemu kubwa ya mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, hukwama katika vijishipa vidogo, na hapo hayatoki.

Mnyoo mwenyewe hufanya madhara kidogo. Yai ndilo lenye kuumiza. Ndani yake mna kiluwiluwi hai kinachotoa protini kupitia ganda, na kinga ya mwili hulizunguka yai kwa makrofaji na chembe nyingine nyeupe, hadi kunakuwa na donge dogo liitwalo granuloma. Donge hilo humlinda mtu dhidi ya sumu ya yai. Lakini pia humwaga vichocheo, na vichocheo huziamsha seli nyota za ini, zilizoelezwa kwa mara ya kwanza na Karl Kupffer mwaka 1876, ambazo wakati wa amani huhifadhi vitamini A. Zikiamshwa hupoteza akiba hiyo, hugeuka kuwa maiofaibroblasti na kuanza kusuka kolajeni. Yai hufa baada ya wiki chache. Kolajeni hubaki. Kesho yake yanakuja mayai mengine.

Baada ya miaka mingi, mara nyingi kati ya 5 na 15, makovu hayo huungana kuizunguka mishipa inayoleta damu kutoka utumboni. William Symmers, aliyefanya kazi Cairo, alilipasua ini la aina hiyo na mwaka 1904 akaeleza alichokiona: mabomba meupe mazito yaliyolipita ini lote, yakifanana na vijiti vya viko vya udongo. Nyama ya ini kati ya mabomba hayo mara nyingi bado ni nzima na inafanya kazi. Kinachoua ni msongamano. Damu ya utumbo isiyopita kwenye ini hurudi nyuma, bandama huvimba, mishipa ya umio hutanuka, na siku moja hupasuka. Mtu aliyekuwa akivua jana hutapika damu leo.

Si kila aliyeambukizwa hufika huko. Wengi huishi na kichocho bila ini kukakamaa kiasi hicho. Tofauti hiyo imefundisha mengi kuhusu vichocheo. Mwaka 1999 utafiti wa familia nchini Sudan ulionyesha kwamba faibrosisi kali hufuata ukoo, na ukahusishwa na eneo la jeni lililo karibu na jeni la kipokezi cha intaferoni-gama, protini ya kinga inayopunguza utengenezaji wa kolajeni. Mwaka 2009 timu hiyohiyo ilionyesha, kwa wagonjwa wa Sudan, China na Brazil, kwamba tofauti katika jeni la kichocheo kingine, CTGF, zinaambatana na faibrosisi kali. CTGF hutengenezwa kwa wingi TGF-beta inapoamuru, na huibeba amri hiyo mbele zaidi. Ini hukakamaa au hubaki laini kutegemea mizani kati ya sauti zinazosema "jenga" na zile zinazosema "acha".

Majaribio kwa panya yaliongeza onyo. Katika kichocho, faibrosisi husukumwa zaidi na intaleukini-13, protini ya kinga inayoziamuru seli zenyewe kutengeneza kolajeni, na panya waliozuiwa TGF-beta bado waliota makovu. Kwa hiyo hata kinara anayetajwa katika kila kitabu hahitajiki kila mahali. Jeraha tofauti hutumia njia tofauti kufika kwenye kolajeni ileile, na dawa inayoziba njia moja inaweza kuiacha nyingine wazi.

Ngozi na pafu

Keloidi huonyesha upande mwingine wa mada. Hapa jeraha lilikuwa dogo na limekwisha zamani: tundu la hereni, chanjo, chunusi, mshono wa upasuaji. Hata hivyo faibroblasti zake hutoa na kuipokea TGF-beta kwa nguvu isiyo ya kawaida, nalo kovu hupanda juu na kuvuka mipaka ya jeraha lililolianzisha. Watu wenye asili ya Afrika huathirika zaidi, na kwa muda mrefu wengi walilihusisha jambo hilo na rangi ya ngozi yenyewe. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 uliupunguza uzito wa dhana hiyo: watu wenye ualbino walipata keloidi kwa kiwango kinachokaribiana na cha wenzao. Inaelekea kuwa chanzo kimo katika urithi na katika mwenendo wa faibroblasti, si katika melanini.

Maana yake kwa mgonjwa ni ya moja kwa moja. Kukata keloidi bila tiba nyingine ni kuleta jeraha jipya lenye vichocheo vipya, na mara nyingi uvimbe hurudi ukiwa mkubwa kuliko wa kwanza. Daktari anayejua hili huunganisha upasuaji na sindano za steroidi au mionzi, na mtu mwenye keloidi katika familia anapaswa kumwambia daktari kabla ya kushika kisu.

Pafu la mchimbaji lina hali iliyo kinyume: jeraha halikomi kwa sababu haliwezi kuondoka. Chembe ndogo za silika, vumbi la mawe linalopumuliwa na wachimbaji wadogo wa Mererani na Geita, humezwa na makrofaji za mapafu. Makrofaji haziwezi kuziyeyusha. Hufa, chembe humwagika, makrofaji nyingine huzimeza, nazo hufa. Kila kifo humwaga PDGF na TGF-beta, na mapafu hujaa vinundu vya kolajeni hata baada ya mtu kuacha mgodi. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuurudisha nyuma, na humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu, ambacho nacho huacha makovu yake.

Dawa zimefika wapi

Vichocheo vimejaribiwa kwa pande zote mbili: kuviongeza pale kidonda kinapogoma kupona, na kuvizuia pale kovu linapozidi.

Katika kuviongeza, PDGF iliyotengenezwa maabara iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kama jeli ya kupaka vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Husaidia, lakini kwa kiasi, na pale tu kidonda kinaposafishwa na mguu unapopumzishwa usibebe uzito. Mwaka 2002 ikaja BMP-2, ya ukoo wa vichocheo vya mifupa vilivyotokana na uchunguzi wa Marshall Urist wa mwaka 1965, kwa ajili ya kuunganisha pingili za mgongo. Sindano za plazma iliyokolezwa chembe sahani za mgonjwa mwenyewe, zinazotangazwa sana kwa maumivu ya magoti, zina ushahidi dhaifu kuliko matangazo yake. Jaribio kubwa la Australia lililochapishwa mwaka 2021, likiwa na washiriki 288, lilikuta kwamba baada ya mwaka mmoja hazikushinda sindano za maji ya chumvi, wala kwa maumivu wala kwa gegedu. Anayeuziwa sindano hizo kwa bei kubwa ana haki ya kuambiwa hivyo.

Katika kuvizuia, ushindi wa wazi ni wa mwaka 2014, ambapo dawa mbili, pirfenidoni na nintedanibu, ziliidhinishwa Marekani kwa faibrosisi ya mapafu isiyojulikana chanzo. Nintedanibu huziba vipokezi vya PDGF, VEGF na FGF, kichocheo kingine cha faibroblasti. Katika majaribio yake makubwa, waliopewa dawa walipoteza karibu mililita 115 za ujazo wa pumzi kwa mwaka, huku wasiopewa wakipoteza karibu 240. Huo ni msaada halisi, lakini ni wa kupunguza kasi tu; kovu lililopo halifutiki.

Upande wa kushindwa orodha ni ndefu. Intaferoni-gama, iliyotarajiwa sana, haikuwasaidia wagonjwa wa mapafu, na jaribio lake kubwa lilisimamishwa mwaka 2007. TGF-beta ya aina ya tatu, iliyojaribiwa kama dawa ya kuzuia makovu ya ngozi kwa sababu kijusi hupona bila kovu, ilishindwa mwaka 2011 katika hatua ya mwisho. Kingamwili dhidi ya CTGF nayo ilishindwa mwaka 2023. Kila moja ya dawa hizi ilifanya vizuri kwa panya. Lakini panya wa maabara hujeruhiwa mara moja, akiwa kijana, na dawa huanza mapema. Mgonjwa wa hospitalini amejeruhiwa kwa miaka, na hufika akiwa tayari ndani ya mzunguko wa ugumu unaozaa ugumu.

Kovu linaporudi nyuma

Kwa miongo mingi madaktari walifundishwa kwamba ini lililofika hatua ya sirosisi, yaani kujaa makovu kote, halirudi. Fundisho hilo lilivunjwa kwa kuondoa jeraha, bila kugusa kichocheo chochote. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 348 wa homa ya ini aina ya B waliotibiwa kwa tenofovia, dawa ya kuzima virusi, ambao walichukuliwa kinyama cha ini mwanzoni na tena baada ya miaka mitano. Mwanzoni 96 kati yao walikuwa na sirosisi. Baada ya miaka mitano, 71 kati ya hao hawakuwa nayo tena. Virusi vilipozimwa, makrofaji zilinyamaza, seli nyota zilipoa au kufa, na vimeng'enya vilipata nafasi ya kukata kolajeni. Mwili ulikuwa na uwezo wa kuacha muda wote huo. Ulikuwa haujapewa nafasi.

Katika kichocho pia, prazikwanteli kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito huua minyoo waliokomaa, na picha za ultrasaundi zimeonyesha makovu ya ini yakipungua, zaidi kwa watoto kuliko kwa watu wazima. Dawa hiyo haiui minyoo wachanga wala haizuii maambukizi mapya, hivyo lazima irudiwe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipanua mwongozo wake ili tiba ya kila mwaka, katika maeneo yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, iwafikie watoto kuanzia miaka miwili na watu wazima, badala ya kulenga hasa wanafunzi wa shule. Mwongozo huo unaendana moja kwa moja na biolojia iliyoelezwa hapa: mtoto wa miaka mitatu anayeogeshwa kwa maji ya ziwa ameshaanza kukusanya mayai, na mama anayefua nguo ufukweni hajawahi kuwa kwenye orodha ya shule.

Hili halipunguzi thamani ya utafiti wa vichocheo. Yupo mchimbaji ambaye silika haitatoka mapafuni mwake kamwe, na wapo wagonjwa ambao chanzo cha makovu yao hakijulikani. Hao wanahitaji dawa itakayozima amri kwenye kiungo kimoja bila kuvuruga kinga ya mwili mzima, na watafiti wetu, walio karibu na kichocho na keloidi kuliko wenzao wa ng'ambo, wanapaswa kushiriki kuitafuta. Lakini kwa walio wengi hapa kwetu jeraha linajulikana na dawa yake inajulikana: prazikwanteli, choo na maji safi kwa vijiji vya ziwani, chanjo ya homa ya ini B kwa kila mtoto, na kipimo kwa mtu mzima ambaye hakuipata, maji ya kulowesha mwamba unapotobolewa mgodini, na barakoa inayofaa kwa anayeutoboa, pamoja na tiba ya kifua kikuu inayoanza kabla pafu halijaharibika. Kila moja ya hizi ni dawa dhidi ya faibrosisi, ingawa hakuna iliyoandikwa hivyo kwenye pakiti. Wizara zinazopanga bajeti zinapaswa kuzihesabu hivyo, kwa sababu muda ambao ini au pafu linaweza bado kurudi nyuma ni mfupi, nao hupita mgonjwa akiwa bado hajahisi maumivu yoyote.